Kifaru Kile Kilikuwa na Watu Wangapi?



Wapendwa wanaparokia, na ninyi wasomaji wa mbali mnaofuatana nasi kila juma katika ukurasa huu, tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea ndugu zetu waliolala katika Kristo. Juma hili mniwie radhi, maana nitawapeleka mbali kidogo na mahali mlipozoea. Tutakwenda katika mashamba ya Normandy nchini Ufaransa, mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, na tutazungumza habari za vifaru. Baadhi yenu mnajua kwamba nikipata nafasi jioni hupenda kusoma historia ya vita hiyo. Kijana mmoja wa VIWAWA alipoona mezani kwangu picha na michoro ya vifaru, aliniuliza kwa heshima lakini bila kuificha shaka yake: "Padre, kujua kwamba kifaru hiki ni toleo la tatu au la tano kunamsaidia nani?" Ni swali halali, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa nikiwa nimesimama mlangoni.

Rejimenti ninayoisoma inaitwa Sherwood Rangers Yeomanry, ya jimbo la Nottinghamshire nchini Uingereza, eneo la ule msitu wa Sherwood unaotajwa katika hadithi za Robin Hood. Ilikuwa rejimenti ya wapanda farasi wa kujitolea. Vita ilipoanza mwaka 1939 walipelekwa Palestina pamoja na farasi wao. Naam, farasi, katika karne ya ndege na vifaru. Baadaye farasi waliondolewa, askari wakafundishwa mizinga, wakatumikia Tobruk na Krete mwaka 1941, na ndipo hatimaye wakapewa vifaru. Walipigana El Alamein nchini Misri mwaka 1942, wakasonga mbele hadi Tunisia mwaka 1943, wakarudishwa Uingereza, na tarehe 6 Juni 1944 wakatua katika pwani ya Normandy, kwenye ufuo uliopewa jina la siri la Gold, karibu na kijiji cha Asnelles. Kutoka hapo walipita Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi wakaingia Ujerumani, na huko ndiko vita ilipowaishia mwaka 1945.

Jambo la kwanza analogundua mtafiti ni kwamba neno "kifaru" halimwambii mengi, na hata jina "Sherman" halimtoshi. Waingereza walikuwa na desturi ya kuvipa vifaru vilivyotoka Marekani majina ya majenerali wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya nchi hiyo: Stuart, Lee, Grant, Sherman. Sherman ilitengenezwa katika viwanda vingi, na matoleo yake yalitofautiana hasa kwa injini. Yale ambayo Waingereza waliyaita la kwanza na la pili yalitumia injini ya asili ya ndege, yenye silinda zilizopangwa kwa duara. La tatu lilikuwa na injini mbili za dizeli zilizounganishwa. La tano lilikuwa na injini tano za petroli za magari ya kawaida zilizofungwa pamoja zikawa injini moja, jumla silinda 30. Fundi yeyote wa gereji akisikia hayo atatikisa kichwa, lakini kifaru kilitembea. Kwa kuwa injini hiyo ilikuwa kubwa, bodi ililazimika kurefushwa, na mpaka leo anayechunguza picha za zamani hulitambua toleo la tano kwa nafasi pana iliyoachwa kati ya mafungu ya magurudumu yake.

Kisha ziko herufi. Namba ikifuatwa na herufi C, maana yake kifaru hicho kiliondolewa mzinga wake wa Kimarekani wa milimita 75 na kufungwa mzinga wa Kiingereza wa ratili 17, wenye mtutu mrefu na nguvu ya kutoboa chuma kinene cha vifaru vya Wajerumani. Askari walikipa jina la utani la Firefly, yaani kimulimuli. Mzinga huo ulikuwa mkubwa mno kwa nafasi iliyokuwapo. Ili uingie, mafundi waliulaza ubavu, wakaisogeza redio ya mawasiliano katika sanduku la chuma lililochomelewa nyuma ya mnara, na kwa sababu makombora yake yalikuwa marefu, walikiondoa kiti cha mbele alichokuwa akikaa msaidizi wa dereva mwenye bunduki ya rashasha. Tundu la bunduki yake lilizibwa kwa bamba la chuma. Mahali pake wakapanga makombora.

Naomba mliangalie vizuri jambo hilo la kiti. Sherman ya kawaida ilibeba watu watano: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji, dereva na msaidizi wake. Firefly ilibeba wanne. Stuart, kifaru chepesi cha upelelezi, wanne vilevile. Kule jangwani mwaka 1942, rejimenti hiyohiyo ilipigana kwa aina tatu kwa wakati mmoja: Grant, ambayo kwa Waingereza ilichukua watu sita, Sherman yenye watano, na Crusader, ambayo toleo lake la tatu lilibaki na watu watatu tu kwa sababu mzinga mkubwa zaidi ulikuwa umekula nafasi ya wenzao. Hivyo mtu anayesoma katika kumbukumbu za jeshi kwamba siku fulani vifaru vitatu viliungua, anaweza kuwa anasoma habari za watu tisa, au za watu kumi na wanane. Karatasi haimwambii. Toleo ndilo linalomwambia.

Hapa ndipo udadisi wangu wa jioni ulipogeuka kuwa kitu kingine, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza niseme kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa kuwa naona ina mafundisho kwa yeyote anayetunza vitabu vya jumuiya au vya kigango.

Kila rejimenti ya Uingereza ilitakiwa kuandika shajara ya vita siku kwa siku, na shajara hizo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Mtu angedhani humo kila kitu kimeandikwa. Kumbe mwandishi wa shajara alikuwa afisa kijana aliyechoka, akiandika usiku, na wasomaji aliowafikiria ni wakubwa wake ambao walijua tayari rejimenti ina vifaru gani. Kwa nini aandike kile ambacho kila mtu anakijua? Hivyo ameandika kwamba vifaru kadhaa vimepotea, akataja kijiji na saa, basi. Mambo yaliyokuwa wazi kuliko yote siku ile ndiyo yaliyopotea kwetu. Nimeliona jambo hilohilo katika vitabu vya kanisa vya miaka ya zamani: karani ameandika "mtoto wa Yohane", kwa kuwa kigangoni kulikuwa na Yohane mmoja tu aliyefahamika na wote.

Basi mtafiti hulazimika kukusanya vipande. Hutazama picha: je, mtutu ni mrefu au mfupi? Je, kuna sanduku nyuma ya mnara? Nafasi kati ya magurudumu ni pana au nyembamba? Husoma namba iliyopakwa ubavuni, inayoanza na herufi T. Husoma barua na shajara binafsi za askari. Hulinganisha tarehe. Akiwa mwaminifu, mwishoni huandika "huenda" pale ambapo ushahidi unaishia, na neno hilo dogo ndilo humtofautisha mtafiti na mpiga porojo.

Vifaru vilivyoingia Normandy siku ile ya kwanza vina ugumu wake wa pekee. Makombania mawili ya Sherwood Rangers yalikuwa na Sherman zilizotengenezwa zielee majini. Mhandisi Nicholas Straussler, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa amebuni njia ya kukizungushia kifaru ukuta wa turubai unaosimamishwa kwa hewa, na kukifungia rafadha mbili nyuma zinazozungushwa na injini yake. Chombo cha chuma cha tani zaidi ya thelathini, kikielea kwa kitambaa! Siku ile bahari ilichafuka. Katika ufuo wa Omaha, uliokuwa wa Wamarekani, batalioni moja iliviachia baharini vifaru 29 vya namna hiyo, vikazama 27. Upande wa Gold viongozi waliamua kuvisogeza karibu na nchi kavu kwanza, na uamuzi huo uliokoa wengi, ingawa si wote. Firefly hazikuwa miongoni mwa vile vya kuelea. Zilishushwa na vyombo vya kutia pwani. Kwa hiyo hata kujua kifaru kilifikaje ufukweni ni sehemu ya kujua kilikuwa na watu wangapi.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya nianze kuhesabu viti.

Rejimenti hii ilikuwa na kapelani aliyeitwa Leslie Skinner. Hakuwa padre wetu. Alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Alitua Normandy tarehe 6 Juni 1944 pamoja na askari wake, na aliandika shajara fupi fupi, kavu, bila mapambo, ambayo baadaye ilichapishwa kwa jina *The Man Who Worked on Sundays*, yaani mtu aliyefanya kazi siku za Jumapili. Mapadre wenzangu watalielewa tabasamu lililomo katika jina hilo. Kazi aliyojitwika, na ambayo hakuna kanuni iliyomlazimisha kuifanya kwa namna aliyoifanya, ilikuwa kwenda mwenyewe katika kila kifaru cha rejimenti kilichoungua, kuingia ndani, kuwatafuta waliofia humo, kuwatambua, kuwafunga katika mablanketi, kuwazika, kuandika mahali kaburi lilipo, na kuwaandikia wazazi na wajane wao.

Inabidi nieleze kwa maneno machache kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Sherman ilipopigwa mara nyingi iliwaka. Wengi walilaumu petroli, lakini chanzo kikubwa kilikuwa makombora yaliyohifadhiwa ubavuni mwa kifaru. Yakishika moto, ndani hugeuka tanuri katika muda mfupi sana. Hata matoleo ya dizeli hayakusalimika. Baada ya moto wa namna hiyo, kuna nyakati ambapo hakuna mwili wa kuuona kwa macho.

Tarehe 4 Agosti 1944 Skinner alikwenda kwa miguu kutafuta vifaru vilivyoungua. Katika kimoja alikuta majivu na chuma kilichoungua, basi. Daktari wa kikosi kingine alimwambia kwamba miili mingine ya kifaru hicho ilikwisha kuondolewa na kuzikwa. Mwingine angeridhika na taarifa hiyo akaondoka. Skinner aliyachekecha majivu mpaka akapata mabaki ya mifupa ya mtu. Katika kifaru kingine kulikuwa na miili mitatu iliyoshikana kwa moto. Alijitahidi kwa muda mrefu kuitoa akashindwa, akatapika. Siku chache baadaye, katika mwezi huohuo, afisa mmoja alipomwona katika kazi kama hiyo alijitolea kumpa askari wa kumsaidia. Akakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba watu wanaoishi na kupigana ndani ya vifaru, kadiri wanavyokutana kidogo na upande huo wa mambo, ndivyo inavyokuwa afadhali kwao. Kesho yake walikuwa na viti hivyohivyo vya kukalia.

Mimi nimezika watu wengi katika miaka yangu ya upadre. Nimezika watoto, nimezika waliofariki kwa ajali ya basi, na nakiri kwamba mara zote mwili uliletwa kwangu ukiwa umeoshwa, umevikwa na kuwekwa katika jeneza na mikono ya watu wengine, hasa akina mama wa jumuiya. Nilipoisoma habari ya Skinner niliwafikiria hao kuliko nilivyojifikiria mimi.

Fikirini basi swali lililokuwa mbele yake kila mara alipopanda juu ya chuma kilichopoa: nimewapata wote? Kama kifaru ni Sherman ya kawaida na amepata watu wanne, yuko wa tano. Ameruka nje akaokoka? Amechukuliwa na gari la wagonjwa la kikosi kingine? Au bado yumo katika majivu? Kama ni Firefly na amepata wanne, kazi imekwisha na anaweza kwenda kusali. Aliyejua nani alikuwa akikaa kiti gani aliweza pia kumtambua kwa mahali alipoonekana, hata pale ambapo uso haukuwapo. Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na nyumba moja huko Uingereza ambamo mama angepokea barua inayosema mwanao amezikwa, au barua inayosema mwanao haijulikani alipo. Aliyewahi kuishi na barua ya pili anajua kwamba hiyo ni nzito kuliko ya kwanza.

Nikiri pia kwamba hesabu ya viti haitoshi. Askari walihamishwa kutoka kifaru hadi kifaru, kamanda ambaye chombo chake kimeharibika alipanda cha mwingine, mgonjwa alibadilishwa asubuhi ileile. Viti vitano havikuwa kila mara watu watano. Toleo la kifaru lilikuwa mwanzo wa hesabu. Mengine yalipatikana kwa kuwauliza waliobaki hai, mmoja mmoja, kwa upole.

Miongoni mwa aliowazika yumo Keith Douglas, kapteni wa rejimenti hiyo aliyekuwa pia mshairi, aliyeandika kitabu kuhusu vita vya jangwani alipokuwa akiongoza Crusader. Aliuawa tarehe 9 Juni 1944, siku ya tatu tu baada ya kutua, akiwa na umri wa miaka 24. Skinner alimzika karibu na mahali alipoangukia, na leo kaburi lake lipo katika makaburi ya vita ya Tilly-sur-Seulles.

Sasa turudi kwa swali la kijana wetu, maana lina mizizi mirefu katika mapokeo ya Kanisa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha *Maungamo*, anaionya sana tamaa ya macho, ile hamu ya kujua kwa ajili ya kujua tu, na mfano anaoutoa ni wa kutisha: watu wanaokimbilia kuitazama maiti iliyoraruliwa, ingawa hawapati humo furaha yoyote ila huzuni na kusawijika. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye hutenganisha bidii njema ya kujifunza na udadisi mbaya. Lazima tukubali kwamba kuna upenzi wa vita ulio udadisi mtupu. Wapo wanaojua unene wa chuma cha kila kifaru kwa milimita, na hawajajiuliza hata siku moja nani alikuwa ndani. Vijana wangu, mkitazama filamu za vita mnakuwa karibu na hatari hiyo kuliko mnavyodhani.

Lakini zingatieni kwamba Skinner aliitazama maiti ileile iliyoraruliwa. Macho yake yaliona alichokiona yule mdadisi wa Augustino, na pengine kibaya zaidi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na blanketi mkononi.

Augustino huyohuyo aliandika kijitabu kwa Paulino, askofu wa Nola, aliyemwuliza kama kuzikwa mahali patakatifu kunamfaa marehemu. Katika jibu lake anasema kwamba aliyekosa kaburi hapotezi chochote mbele ya Mungu ambaye atamfufua, na kwamba mazishi huwafariji zaidi walio hai; hata hivyo miili isidharauliwe, kwa kuwa Roho Mtakatifu aliitumia kama vyombo vya matendo mema. Napenda uwiano wa mafundisho hayo. Mungu hahitaji shajara ya vita wala picha ya magurudumu. Tunaohitaji ni sisi, kwa kuwa hatujui, na upendo wetu hauna njia nyingine ya kumfikia mtu ila kwa jina lake na mahali alipo.

Liko jambo jingine ambalo limenishangaza na kunifurahisha. Katika Biblia yetu Katoliki tunaye Tobiti, aliyeacha chakula cha sikukuu mezani akaenda kuuchukua mwili wa ndugu yake Mwisraeli uliotupwa sokoni, akauficha hadi jua lilipotua akauzika, huku majirani wakimcheka. Tunacho pia Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Mmakabayo anarudi uwanjani baada ya vita kuikusanya miili ya askari wake, na anachangisha drakma elfu mbili za fedha zipelekwe Yerusalemu kutoa sadaka kwa ajili yao. Ndiyo sura tunayoitegemea tunapofundisha sala kwa ajili ya marehemu. Ndugu zetu Wamethodisti hawavihesabu vitabu hivyo viwili kuwa sehemu ya Maandiko, wala hawafundishi toharani kama sisi. Na tazameni, mchungaji wao ameyatenda yaliyoandikwa humo kwa ukamilifu ambao sisi tunaovisoma madhabahuni tunaweza kuuonea haya.

Makaburi ya Tilly-sur-Seulles hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Ndiyo inayotunza pia makaburi ya vita ya Dar es Salaam, ambayo wengi wenu mmepita mbele yake. Msingi wake tangu mwanzo ni kwamba kila aliyekufa aandikwe jina lake, juu ya jiwe au juu ya ukumbusho, bila kujali cheo. Hapo nilisita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya wapagazi na askari wa Afrika Mashariki walikufa katika ardhi hii kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi ya wengine. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka kwa jumla bila jina hata moja. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba msingi wake haukufuatwa kwa wote: kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Kwa ajili ya wana wa Nottinghamshire, mtu bado anaweza leo kuketi na picha, akapima nafasi kati ya magurudumu, akasema hiki kilikuwa toleo la tano, kilikuwa na watu watano, na wa tano ndiye huyu. Siwaonei wivu wala siwapunguzii chochote, walistahili. Kwa ajili ya mpagazi aliyeanguka njiani mwaka 1917 hatuna hata pa kuanzia kuhesabu, kwa kuwa siku ile ilionekana wazi mno kwamba hahitaji kuandikwa. Nimekuwa nikiwatolea Misa Jumatatu hizi za Novemba, bila majina, jambo ambalo Kanisa huliruhusu na ambalo halinipi raha.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1182, inaagiza kwamba baada ya mazishi jina la marehemu liandikwe katika kitabu cha marehemu. Cha kwetu kipo, na mwaka huu nimeanza kukipitia pamoja na katekista. Karatasi za nia za Misa za mwezi huu zipo ofisini na kwa wenyeviti wa jumuiya. Nawaomba msiandike "marehemu wa ukoo" peke yake. Andikeni majina yote mnayoyajua, la ubatizo na la nyumbani, kijiji, na mwaka alipofariki. Mwaka ukiwa wa kukisia, andikeni "huenda". Wazee wetu ambao baba au wajomba zao walikwenda Burma na KAR na hawakurudi, naomba waje niandike mwenyewe, hata kama wanakumbuka jina moja tu. Ofisi hufunguliwa kila siku baada ya Misa ya asubuhi, isipokuwa Jumatatu.

Padre wenu